Kifaranga wa Mwisho

Wageni wakimwona Apolonia kanisani amefunga mdomo wakati watu wote wanaimba, huniuliza pembeni kama wifi yangu ni bubu. Nawajibu kwamba bubu ni wao. Yule mwanamke alikuwa na sauti ya kumfanya mtu asahau chungu mekoni mpaka maharage yaungue, na mimi mwenyewe nimeunguza maharage mengi kwa ajili yake. Sasa haimbi, na ana sababu. Kuna watu hapa kijijini wanaisimulia habari yake kwa kuipindapinda, wanaongeza uchawi hapa, wanapunguza aibu yao pale, na mimi Rozalia nikisikia habari imepindwa lazima niinyooshe. Kwa hiyo nitaisema ilivyokuwa. Atakayenuna na anune.

Apolonia aliolewa na kaka yangu Kalinga, utingo wa malori ya mbao hapa Mafinga. Alitokea upande wa Iringa, karibu na misheni, msichana mwembamba mwenye miguu mirefu, na siku ya kwanza tu nilimtania kwamba kaka yangu ametuletea mti wa paini badala ya mke. Akacheka. Tangu siku hiyo tukaelewana, mimi na yeye, ingawa mawifi wa kuelewana mnajua wenyewe walivyo wachache.

Shida yake ilikuwa watoto. Alizaa, akazika. Akazaa tena, akazika tena. Sitaki kuwahesabu, si mbuzi. Kila kaburi alilipandia maua ya porini pembeni, na kila mara alirudi shambani mapema kuliko tulivyomtaka arudi. Kisha akazaliwa Kalista. Huyu akanyonya, akatambaa, akasimama, akavuka umri ambao ndugu zake wote waliishia, na sisi tukawa tunamtazama huku tumebana pumzi. Mwaka ninaousimulia, Kalista alikuwa ameanza kung'oka meno ya utoto. Alikuwa na pengo mbele, na akicheka alificha pengo lake kwa kiganja. Apolonia hakuwa na mwingine, na alikwisha kuambiwa hospitali kwamba hatapata mwingine.

Sasa niseme sinema ilivyofika kwetu. Kulikuwa na mzungu mmoja wa mambo ya misitu, ametoka nchi za baridi huko Ulaya, jina lake liligoma katika vinywa vyetu tukamwita Bwana Paini. Alikaa na mkewe na watoto wao katika nyumba ya mawe upande wa msituni, na Apolonia alikuwa yaya wao. Ndani ya nyumba ile kulikuwa na mashine ndogo ya sinema, ya kuwekwa mezani, kwa ajili ya familia tu. Jumamosi mchana walifunga mapazia, wakatandaza kitambaa cheupe ukutani, wakaweka mkanda wao mmoja ambao watoto waliupenda kuliko chakula. Ulikuwa wa picha za kuchora, picha zinazotembea na kuimba. Mashine yenyewe haikuwa na sauti. Sauti ilikuwa kwenye santuri, wakiiweka kwenye gramafoni na kuianzisha wakati mmoja na mkanda, basi bata wa ukutani wakifungua midomo, wimbo unatoka kwenye gramafoni. Apolonia alikaa nyuma na mtoto wao mdogo mapajani, akatazama kila Jumamosi, mwaka baada ya mwaka, mpaka akazijua tuni zote kama anavyojua njia ya kisimani.

Mkataba wa Bwana Paini ulipokwisha wakarudi kwao. Wakamwachia Apolonia mashine na mkanda. Santuri walikwenda nayo, kwa sababu watoto waliililia. Nilipoona nilicheka mpaka nikashika ubavu. Nilimwambia wazungu wamekuachia midomo, sauti wamekwenda nayo. Akanijibu kwamba sauti anayo yeye.

Na kweli alikuwa nayo. Kwenye kiwanda cha kupasua mbao kulikuwa na ghala lenye jenereta karibu, na msimamizi, Tadeo, mtu wa kukunja uso lakini hana roho mbaya, akakubali litumike Jumapili baada ya misa. Tukaziba madirisha kwa magunia. Tukapigilia shuka la Apolonia mwenyewe kwenye mabanzi ya ukutani. Watoto walijaa mle ndani wamebanana, wamekaliana magoti, maranda ya mbao yamewajaa nyweleni, na si watoto wa Kihehe na Kibena tu, maana kiwanda na kijiji kipya cha ujamaa vilikuwa vimekusanya watu wa kila upande. Alikuwamo mtoto wa Asukile, mpasuaji mbao kutoka Tukuyu, na wengine ambao nyumbani kwao hawakusema Kiswahili kabisa. Mle ghalani wote walielewa.

Hadithi ilikuwa hivi. Mama bata ana vifaranga wake. Baridi inakuja, wanaanza safari ya kwenda kwenye joto. Njiani barafu inaanguka kutoka mbinguni. Watoto wetu hawakuhitaji kuelezwa barafu, kwa sababu hapa kwetu mwezi wa saba unaamka asubuhi unakuta majani ya viazi yamegeuka meupe na yakipigwa na jua yanakuwa meusi. Vifaranga wanachoka mmoja mmoja. Wanalala, barafu inawafunika, ukutani panabaki vilima vidogo vyeupe. Mama bata anarudi nyuma, anawatafuta, anaimba juu ya kila kilima, na kifaranga anatoa kichwa na kujikung'uta. Mwisho wote wanaamka na safari inaendelea.

Apolonia aliweka maneno yake mwenyewe, Kiswahili kimechanganyika na Kibena kidogo. Na hapo ndipo alipoongeza jambo ambalo Bwana Paini hakuwa nalo. Alimpa kila kifaranga jina la mtoto aliyekuwa amekaa mle ghalani. Jumapili hii fulani na fulani, Jumapili ijayo wengine. Kwetu mtu akizimia huitwa jina lake, huitwa na kuitwa, mpaka aitike, na akiitika tunajua amerudi. Kila mtoto alikuwa ameona jambo hilo nyumbani. Kwa hiyo mama bata wa Apolonia alipofika juu ya kilima cha barafu aliita jina, na mtoto mwenye jina hilo alilazimika kuitika kwa kuimba, "Nipo, mama," na hapohapo kifaranga ukutani akainuka. Nakwambia watoto walipigania kuitwa. Walioitwa Jumapili walitembea wiki nzima vifua mbele.

Kifaranga wa mwisho, yule mdogo kabisa, hakugawiwa mtu. Huyo daima alikuwa Kalista, kwa sababu sauti yake ya juu ilifika pale tuni inapopanda, na kwa sababu alikuwa mtoto wa mwenye mashine, tusidanganyane. Alikaa kwenye benchi karibu na mama yake, akangoja wenzake wote waitike, kisha akaitwa yeye. Alikuwa hafichi pengo wakati ule.

Jumapili moja ya baridi kali, mwaka wa sabini na sita, ghala lilijaa kuliko siku zote. Majina yakagawiwa kama kawaida: binti wa Asukile, Fanueli mtoto wa jirani yangu, na wengine. Vifaranga wakachoka, wakalala, barafu ikawafunika hadi wa mwisho. Mama bata akageuka kurudi. Mkanda ukakwama. Kwenye shuka likatokea doa la kahawia, likapanuka, likala kile kilima cha kwanza. Apolonia akauvuta mkanda kwa haraka, na kabla hajausogeza, glopu ya mashine ikapasuka. Giza likawa giza. Tadeo akazima jenereta akihofia moto, akafungua mlango, akawafukuza watoto nje. Apolonia alitaka kuumalizia wimbo kwa mdomo tu, lakini nani angemsikiliza? Watoto walikuwa wameshatoka kurushiana maranda. Alisema wataumaliza glopu ikipatikana. Hakuna mtu aliyewaza lolote, na anayesema leo kwamba aliwaza siku ile ni mwongo.

Surua iliingia wiki ile ile, au tuseme ilikuwa imeshaingia na ilikaa nasi ghalani. Binti wa Asukile alianza kwa macho mekundu na kikohozi. Tukadhani ni moshi. Kisha vipele, kisha homa, kisha kifua kikabana. Alikuwa mtoto mnene mcheshi, na alikufa akiwa mgongoni mwa mama yake njiani kuelekea zahanati. Kabla hatujaondoa matanga akafuata mwingine, na huyo naye alikuwa amegawiwa kifaranga Jumapili ile, kifaranga akalala, na jina lake halikuitwa kuamka. Wengine waliougua hawakuwa wamegawiwa kifaranga kabisa, lakini nani aliwahesabu hao? Watu waliwahesabu wale waliolala ukutani.

Mganga wetu wa zahanati, Ezekia, alipita nyumba kwa nyumba akatueleza vizuri. Alisema ugonjwa unakwenda kwa pumzi, mtoto kwa mtoto. Aliye mzima asiingie alipo mgonjwa. Sindano za kinga zimeagizwa, bado hazijafika. Apolonia alimsikiliza kwa masikio yote mawili. Alimfungia Kalista ndani, akamchezesha ndani, akamlisha ndani, na mwenyewe akajipunguzia kutembea. Kalista hakuwa na hata mafua. Nilipopita asubuhi nilimkuta dirishani ananitolea ulimi kupitia pengo lake, na nilimshukuru Mungu kwa kila ulimi alionitolea.

Wanawake wakamtuma kaka yangu. Lori lake lilikuwa linakwenda Mbeya na mbao, nao wakamwomba atafute glopu ya mashine huko, kwa wapiga picha, kwa Wahindi wenye maduka, popote, ili sinema imalizike na vifaranga waamke. Kalinga hakubisha. Alikuwa mtu wa kukubali mambo, kaka yangu, na hiyo ndiyo kasoro yake. Alimwambia mkewe amtunze mtoto, akapanda juu ya mbao, akaenda.

Kisha Fanueli akaanguka. Mama yake, ambaye mimi na yeye tunachota maji kisima kimoja, si mtu mbaya. Nalisema hili kwa kuuma meno, lakini nalisema. Alikuja nyumbani kwa Apolonia na wanawake wengine wenye wagonjwa, khanga wamezifunga kiunoni, hawakubisha hodi, hawakutusalimu hata kwa kamwene. Mimi nilikuwapo, nilikuwa nimeleta kuni. Walisimama uani. Nilifikiri wamekuja kumpiga, nikashika gogo moja nikaliweka karibu. Hawakumpiga. Mama Fanueli alizungumza polepole, macho yamevimba kwa kukesha.

"Uliwalaza wewe," alisema. "Basi njoo uwaamshe."

Niliwafokea. Niliwaambia wale ni bata wa kuchorwa na wino, niliwaambia surua ilikuwapo kabla ya Bwana Paini kuzaliwa, niliwauliza Ezekia aliwaambia nini.  Walikuwa wanamtazama Apolonia tu. Naye, badala ya kuwafukuza, aliufunga mlango wa Kalista kwa nje, akaniachia ufunguo, akajitanda khanga, akawafuata.

Alikwenda nyumba hadi nyumba. Alikaa kando ya kila kitanda, akaanza wimbo wa mama bata pale ulipokatika, akaita jina la mtoto. Watoto wenye homa walimtambua. Wengine waliitika kwa mdomo mkavu, "Nipo, mama," sauti haitoki. Mama zao waliangua kilio kwa furaha. Fanueli, ambaye alikuwa hajafungua macho tangu jana yake, alifumbua jicho moja akaitika, na mama yake akapiga magoti mbele ya Apolonia. Habari hiyo ilikimbia kijiji kizima. Na ningependa kuishia hapa, kwa kweli ningependa.

Lakini wimbo ulikuwa na mwisho wake. Ukishaita wote, unamwita kifaranga wa mwisho. Pale kwa Mama Fanueli, Apolonia alifika kwenye jina la Kalista, akaliita kwa mazoea, na chumba kikawa kimya kwa sababu mwenye kuitika hakuwapo. Wanawake wakatazamana. Mmoja akasema bado mmoja amelala. Wengine wakalidaka neno hilo. Bado mmoja amelala, hadithi haijaisha, barafu bado ipo. Na jioni ya siku hiyo Fanueli homa ikampanda upya, kama surua ifanyavyo, inashuka inapanda, Ezekia angewaambia kama wangemuuliza. Wao wakasema ni kwa ajili ya yule mmoja.

Apolonia alikuja kwangu kuchukua ufunguo. Alisimama mlangoni, hakuingia, uso wake ulikuwa umekauka.

"Nampeleka mara moja tu," alisema. "Ataitika akiwa mgongoni kwangu, nitasimama karibu na mlango, nitamfunika."

"Humpeleki," nilimwambia. "Ufunguo nimeutupa chooni."

Nilikuwa nimeufunga kwenye pindo la khanga yangu na alijua. Tulivutana kwa maneno mpaka majirani wakatoka. Nilimwita mjinga, nilimwita mwenda wazimu, nilimkumbusha makaburi yake yenye maua ya porini, jambo ambalo mtu hamkumbushi mwenzake. Hakukasirika. Aliniuliza swali moja.

"Wifi, nikikataa na watoto wao wakafa, Kalista ataishi na nani hapa?"

Nilitazama nje. Nilifikiria kisima, nilifikiria njia ya shule, nilifikiria mtoto mwenye pengo anapita mbele ya nyumba za akina mama waliozika, kila siku, mpaka akue. Niliona alichokiona yeye. Basi nilifungua pindo. Si kwamba nilikubali, ila mtoto alikuwa wake, na yeye ndiye aliyemzaa kwa taabu ile yote.

Alimfunga Kalista mgongoni kama mtoto mchanga, miguu inaning'inia, akamfunika blanketi hadi kichwani. Kalista alifurahi sana. Alikuwa amefungiwa ndani muda mrefu, na sasa anakwenda kuimba. Nilimsikia ndani ya blanketi akijaribu sauti yake njia nzima. Walianza kwa Mama Fanueli. Apolonia alisimama mlangoni kama alivyosema, lakini watu wakamsogeza ndani, ili Fanueli asikie. Akaita wote, akafika mwisho, akamwita Kalista, na Kalista akatoa kichwa nje ya blanketi, kama kifaranga hasa, akaitika kwa sauti iliyofika barabarani, "Nipo, mama." Wanawake wakapiga vigelegele. Kisha nyumba ya pili wakamtaka. Kisha ya tatu. Ungeanzaje kukataa ya pili wakati ya kwanza umekwenda? Walizunguka nyumba zote zenye wagonjwa, na kila nyumba blanketi lilifunuliwa.

Fanueli alipona. Wengi walipona. Surua haiui wote, Ezekia alikuwa amesema hivyo tangu mwanzo. Lakini kina mama walisema ni wimbo, na walipokutana na Apolonia njiani walimshika mikono yote miwili.

Kalista alianza kupiga chafya wakati wenzake wameshaanza kukimbia uani. Macho mekundu. Apolonia alikuja kuniita bila kusema anachoniitia, nami nilijua. Tulimpeleka kwa Ezekia, akampa alichokuwa nacho, akatupa na karatasi ya kwenda hospitali Iringa. Lori likapatikana, lakini kifua cha mtoto kilikuwa kimekwisha kufunga, na tulirudi naye kabla hata hatujafika nusu ya njia. Nilimshika mimi. Apolonia alikaa pembeni yangu, juu ya magunia, anamwita. Hakuimba, aliita tu kwa sauti ya kawaida, kama unavyomwita mtoto aje kula. Kalista. Kalista. Aliita hata baada ya mimi kumfunika uso.

Kijiji kizima kilikuja mazishini, na huo ndio unafiki ambao tumbo langu linakataa kuusaga mpaka leo, ingawa labda haukuwa unafiki, labda ulikuwa huzuni ya kweli. Marcelino katekista aliongoza sala. Udongo ulikuwa umeganda kwa baridi, majembe yalilia. Sanduku lilipowekwa, Mama Fanueli akaanza kuimba, na wale wanawake wengine wakaudaka. Waliimba nini? Waliimba wimbo wa mama bata. Nadhani walitaka kumrudishia alichowapa. Walikuwa wanalikaribia jina.

Apolonia alikuwa amekaa chini, amenyolewa nywele. Alisimama. Hakupaza sauti.

"Msimwite," alisema. "Nimemwita mimi mama yake, hakuitika."

Wimbo ukakatika. Tukafukia bila wimbo, watu wamesimama tu, na sauti pekee ilikuwa ya mabonge ya udongo.

Kaka yangu alirudi matanga hayajaisha. Lori lilikuwa limevunjika ekseli huko Chimala, wamelala nalo kando ya barabara wakingoja nyingine itoke Mbeya. Hakuna aliyempelekea habari, tungepeleka kwa njia gani? Alikuja anakata kona ya nyumba na kifurushi mkononi, amekizungushia maranda na gazeti, amekibeba kama yai. Alianza kusema kwamba ameipata, kisha akaona watu wamekaa uani na kichwa cha mkewe kimenyolewa. Alikaa chini palepale alipokuwa. Apolonia ndiye aliyemwendea, akakichukua kile kifurushi mkononi mwake, akakiweka juu ya kabati.

Ilipita miezi. Siku moja mchana, mvua za kwanza zilikuwa zimeanza, Apolonia alinijia na mashine kichwani akaniambia twende ghalani. Tadeo akawasha jenereta bila kuuliza, akatuachia. Tuliziba madirisha, mimi na yeye, tukatundika shuka. Aliweka glopu ya Mbeya, akaupitisha mkanda kwa vidole vyake polepole pale palipoungua, akakaa kwenye benchi. Nilitaka kumwambia aache. Nikakaa kando yake.

Mashine ikaanza kunguruma. Mama bata akarudi nyuma, akasimama juu ya kilima cha kwanza, akafungua mdomo. Apolonia hakuimba. Hakuita jina lolote. Ghalani palikuwa na ule mlio wa mashine tu na mvua juu ya mabati. Na kifaranga wa kwanza akainuka, akajikung'uta. Akainuka wa pili. Wakainuka wote, mmoja baada ya mwingine, mpaka yule mdogo kabisa, naye akatoa kichwa, akatikisa barafu, akakimbilia chini ya bawa la mama yake. Safari ikaendelea. Mkanda ukaisha, ncha yake ikawa inapigapiga kwenye gurudumu, na Apolonia akaiacha ipige, shuka jeupe limewaka mbele yetu bila kitu.

"Kumbe wanaamka hata wasipoitwa," alisema.

Nilimshika mkono. Tukazima, tukafungasha, tukarudi nyumbani kabla mvua haijazidi. Mashine iko chini ya kitanda chake hadi sasa. Hakuna aliyeiomba tena, na nadhani hakuna atakayethubutu.

Wimbo wenyewe ulibaki kwa watoto. Unawapokonyaje? Wanauimba wakienda shule, akina Fanueli, ambao sasa ni wakubwa wenye miguu mirefu, na wadogo zao ambao hata ile sinema hawakuiona. Njia yao inapita kando ya shamba la Apolonia. Wanaitana majina, wanaitikiana, wanacheka. Wakifika pale pa kifaranga wa mwisho wananyamaza kidogo, wanahesabu mapigo kwa hatua, kisha wanaendelea mbele. Hakuna aliyewafundisha hivyo. Wale wadogo wanadhani wimbo ndivyo ulivyo.

Mimi nalima shamba la jirani, namwona. Wakianza kuja kwa mbali yeye anaendelea kulima. Wakifika pale pa kunyamaza, anasimamisha jembe, anangoja nao. Wakishapita, analima tena.